Neva au kano? Mkono uliopooza baada ya kuumia shingo

Mtu aliyeumia uti wa mgongo shingoni kwenye usawa wa C6, yaani pingili ya sita ya shingo, kwa kawaida bado anakunja kiwiko na kuinua kiganja. Kinachompotea ni kunyoosha kiwiko, kufunga vidole na kuvifungua. Wagonjwa wa aina hii wakiulizwa wangependa kirudi nini kwanza, wengi hutaja mikono kabla ya miguu, na wana sababu. Vidole vinavyobana ndivyo vinavyoshika kijiko na kuingiza mpira wa mkojo bila kumngoja ndugu. Kiwiko kinachonyooka ndicho kinachomwezesha kujisogeza kutoka kitandani hadi kwenye kitimwendo.

Kwa muda mrefu jibu la upasuaji lilikuwa kuhamisha kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa. Daktari Erik Moberg wa Sweden alilipa nguvu kubwa kwa maandishi yake ya mwaka 1975: sehemu ya nyuma ya msuli wa bega inaunganishwa na kano la trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ili kiwiko kinyooke, na kano la kukunja kidole gumba linafungwa kwenye mfupa wa mkono ili kidole kibane kiganja kinapoinuliwa. Miaka ya karibuni limekuja jibu la pili, kuhamisha neva, yaani mishipa ya fahamu. Tawi la neva linalotoka juu ya jeraha, ambalo bado linapokea amri ya ubongo, linakatwa kwenye msuli ambao mgonjwa anaweza kuishi bila kazi yake na kushonwa kwenye neva ya msuli uliopooza.

Matawi yanayotolewa hayachaguliwi ovyo. Msuli wa supineta hugeuza kiganja kitazame juu, lakini bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, nayo hufanya kazi hiyo, kwa hiyo tawi lake linaweza kupelekwa kwenye neva inayofungua vidole. Msuli wa brakialisi hukunja kiwiko, na bisepsi inabaki ikikunja, hivyo tawi lake hupelekwa kwenye tawi la neva ya mediani, moja ya neva kuu za mkono, linalokunja kidole gumba na cha shahada. Tawi la msuli mdogo wa nyuma ya bega, teresi maina, hupelekwa kwenye trisepsi. Msuli unaotoa lazima uwe na nguvu, angalau daraja la 4 kati ya 5 kwenye kipimo cha nguvu za misuli. Ukitoa kwa msuli dhaifu, mgonjwa anapoteza kidogo alichonacho na kule alikopelekewa hakuji kitu.

Wanaotetea neva wana hoja nzito. Mwaka 2019 kikundi cha Natasha van Zyl huko Melbourne, Australia, kilichapisha matokeo ya wagonjwa 16, mikono 27, neva 59 zilizohamishwa. Baada ya miaka miwili wengi wao walikuwa wakifungua na kufunga kiganja na kunyoosha kiwiko vizuri kuliko kabla ya upasuaji. Tawi moja linaweza kuamsha misuli kadhaa kwa pamoja, na msuli unabaki mahali pake, ukivuta kwa mwelekeo wake wa asili. Mkono haufungwi miezi. Mgonjwa hubeba mkono kwa kitambaa muda mfupi, kisha anarudi kwenye kitimwendo chake. Kwa anayeishi na mtu mmoja tu wa kumhudumia, hilo ni jambo kubwa.

Upande wa pili nao hauna hoja ya kupuuzwa. Katika kundi hilohilo la Melbourne, neva 4 hazikufanikiwa, na wagonjwa 10 walihamishiwa neva na kano kwa pamoja. Neva huota kama milimita moja kwa siku. Kutoka supineta hadi neva ya kufungua vidole ni safari fupi, na ndiyo sababu uhamisho huu unaaminika zaidi. Kutoka katikati ya mkono wa juu hadi misuli ya kukunja vidole ni mbali, na matokeo yake huchelewa na mara nyingi huwa dhaifu. Dalili ya kwanza ya msuli kucheza huja baada ya miezi sita hadi tisa, na nguvu huendelea kujengeka hadi mwaka wa pili au wa tatu. Kano lililohamishwa hutoa kazi baada ya wiki chache, na kwa kubana huwa na nguvu zaidi. Tena linaweza kufanywa hata miaka kumi baada ya ajali, kwa kuwa msuli unaovuta ulikuwa hai wakati wote.

Kano lina gharama yake pia. Kiwiko kilichounganishwa na msuli wa bega huwekwa kwenye kifaa chenye bawaba na kuruhusiwa kukunjwa nyuzi 10 hadi 15 tu zaidi kila wiki. Mgonjwa akiharakisha, kano linanyooka kama mpira uliochoka na kazi yote inapotea. Kwa takriban miezi mitatu hawezi kujisukuma wala kujiinua kwa mkono huo.

Kwa maoni yetu, kuuliza kipi bora kati ya viwili hivi ni kuanza pabaya. Swali la kwanza ni msuli uliopooza uko katika hali gani. Chini ya jeraha, seli za neva zilizo ndani ya uti wa mgongo bado zinaishi. Zimekosa amri tu. Misuli yake hubaki na neva yake, na inaweza kuamshwa hata baada ya miaka. Mwaka 2012 Susan Mackinnon na wenzake wa St. Louis, Marekani, walieleza habari za mzee wa miaka 71 aliyehamishiwa tawi la brakialisi karibu miaka miwili baada ya kuumia, na vidole vikarudi kubana. Lakini pale jeraha lenyewe lilipo, seli hizo zimekufa. Msuli unaotegemea sehemu hiyo hunyauka, na baada ya miezi 12 hadi 18 neva mpya ikifika haikuti msuli wa kuuamsha.

Kutofautisha hali hizi mbili hakuhitaji mashine ya mamilioni. Mtaalamu wa fiziotherapia huweka vibandiko vya kifaa cha kuchochea misuli kwa umeme juu ya msuli: ukicheza, neva yake iko hai na kuna muda, usipocheza, saa inakimbia. Kipimo hiki kifanywe mwezi wa tatu baada ya kuumia na kirudiwe wa sita. Kukata kabla ya hapo kuna hatari ya kumnyima mgonjwa nafuu ambayo ingekuja yenyewe.

Kwenye chumba cha upasuaji makosa mawili huumiza zaidi. La kwanza ni dawa ya kulegeza misuli kuendelea kutolewa, hivyo daktari akigusa tawi kwa kichocheo cha umeme haoni jibu na anakata kwa kubahatisha. La pili ni kukosea nyuzi ndani ya neva ya mediani na kujeruhi zile za hisia. Mtu wa C6 anategemea hisia ya kidole gumba ili ajue ameshika nini. Akiipoteza, mkono wake unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kushona kwenyewe kunataka hadubini na nailoni ya 9-0, nyembamba kuliko unywele, bila neva kuvutwa hata kidogo.

Afrika Mashariki, ambako wengi huumia shingo kwa ajali za barabarani na kuanguka kutoka mitini, tungeanza na kano kwa kazi ya kubana. Vifaa vyake ni vya kawaida, na matokeo yake hayamlazimu mgonjwa kurudi kliniki ya mbali kwa miaka miwili. Neva tungeilenga kwenye kufungua vidole, kazi ambayo kano huifanya kwa shida. Mkono mmoja unaweza kupata vyote viwili: supineta ifungue, kano libane.

Hata hivyo, mikono mingi huharibika kabla daktari wa upasuaji hajaiona. Ndugu, kwa upendo, humnyoosha mgonjwa vidole huku kiganja kikiwa kimeinuliwa. Vidole vya C6 vinapaswa kubaki na ukaze kidogo, kwa sababu anapoinua kiganja vidole hujikunja vyenyewe na kushika kitu chepesi. Kwa hiyo vinyoosheni vidole kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea chini, na kiganja kikiinuliwa viacheni vikunjike. Anapojisogeza, aegemee ngumi, si kiganja kilichotandazwa. Na kiwiko kisiachwe kikakauka katika mkunjo: hakuna neva wala kano litakalokinyoosha.