Kiraka kilichonyamazisha printa

Tarehe 14 Septemba 2021 Microsoft ilitoa sasisho lake la usalama la kila mwezi. Hazikupita siku nyingi, ofisi zenye printa moja inayotumiwa na kompyuta kadhaa zikaanza kulia. Ukituma kazi kwenye printa iliyochomekwa kwenye kompyuta ya jirani, unajibiwa kwa namba 0x0000011b na karatasi haitoki. Printa nzima, waya mzima, wino upo. Kilichoingia kati ni kiraka cha usalama, yaani sehemu ya sasisho inayoziba tundu ambalo wadukuzi wangeweza kupitia.

Mpangilio huo tunaufahamu, kwa sababu ndio wa steshenari nyingi za kwetu: kompyuta mbili tatu, printa moja, mtandao mdogo wa humo humo dukani. Mteja amesimama na flashi mkononi, anataka barua yake ya maombi ya kazi itoke kabla ofisi anayoipeleka haijafungwa. Mwenye duka akielezwa kwamba haya yote ni kwa ajili ya usalama wake, ana haki ya kuuliza: usalama upi huo?

Swali hilo lina jibu, na ni zito. Printa huhitaji draiva, programu ndogo ambayo ni mkalimani anayekaa kati ya mfumo endeshi, kama Windows ya Microsoft, na kifaa. Ili afanye kazi yake hupewa madaraka ambayo programu ya kawaida haipati. Windows nayo kwa miaka mingi ilikuwa na ukarimu uliopitiliza: kompyuta ikijiunga na printa ya mtandao, draiva inaletwa kutoka huko na kujisakinisha, bila kumwomba mtu nywila ya msimamizi. Mwishoni mwa Juni 2021 watafiti wa kampuni ya Sangfor ya China waliweka hadharani msimbo unaoonyesha namna ya kupenya kupitia huduma ya kuprinti, wakidhani tundu hilo limeshazibwa. Halikuwa limezibwa. Likaja kujulikana kwa jina la PrintNightmare: mtu mwenye akaunti ya kawaida kabisa angeweza kuilisha kompyuta draiva ya kughushi, akawa bwana wa mashine. Na kama mashine yenyewe ni seva inayotunza nywila za ofisi, amekuwa bwana wa ofisi nzima. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kuanzia 6 Julai Microsoft ilitoa viraka vya dharura, hata kwa Windows 7 iliyokwisha kustaafishwa Januari 2020. Agosti ikakaza zaidi: draiva ya printa ya mtandao isisakinishwe bila idhini ya msimamizi.

Tundu la Septemba lilikuwa jingine, linalohusu mazungumzo kati ya kompyuta na seva ya printa. Hapa Microsoft ina utetezi mzuri. Kinga yake iliwekwa tangu Januari 2021 bila kulazimishwa, ili watu wajiandae. Kilichofanyika Septemba ni kuilazimisha. Miezi minane ya onyo si midogo.

Lakini onyo hilo lilimfikia nani? Liliandikwa kwa lugha ya wasimamizi wa mifumo wa makampuni makubwa. Mwenye steshenari hana msimamizi wa mifumo. Ana fundi, anayepigiwa simu kitu kikishaharibika. Na dawa iliyosambaa upesi miongoni mwa mafundi duniani kote ilikuwa ama kuliondoa sasisho, ama kuingia kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake ya ndani, na kuuzima mpangilio wa kinga hiyo uitwao RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kwa kuupa thamani ya 0. Printa ikaamka, tundu nalo likafunguka upya. Fundi aliyefanya hivyo mteja akisubiri simlaumu. Namlaumu aliyeondoka bila kumwambia mwenye duka kwamba mlango umeachwa wazi na kwamba itabidi arudi kuufunga.

Wanaoogopa masasisho wana ushahidi, si wavivu. Machi ya mwaka huo huo wa 2021, sasisho jingine lilizua skrini ya bluu kila mtu alipojaribu kuprinti kwa baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Hapo hapakuwa na la kuchagua kati ya usalama na kazi. Lilikuwa kosa la Microsoft, wakalirekebisha baada ya siku sita. Kwa anayekula kwa kuprinti, siku sita ni nyingi.

Hata hivyo, wanaohitimisha kwamba dawa ni kuzima masasisho moja kwa moja siwaungi mkono. Kiraka cha tundu lililotumiwa na WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilitoka 14 Machi 2017, na shambulio lenyewe likaja 12 Mei. Siku 59 zilitosha kabisa kwa aliyetaka kujikinga, na bado kompyuta za nchi zaidi ya 150 zilikumbwa, za hospitali za Uingereza zikiwemo. Kusubiri wiki moja, ukaanza na kompyuta moja na kuprinti ukurasa wa majaribio kabla ya kugusa nyingine, ni busara. Kusubiri miezi ni kujiweka njiani.

Anayeponyoka lawama mara nyingi ni mtengenezaji wa kifaa. Oktoba 2025 Microsoft iliondoa kwenye Windows draiva moja ya modemu (vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu) za kampuni ya Agere, faili liitwalo ltmdm64.sys. Ilikuwa na tundu lililokwisha kuanza kutumiwa na wadukuzi, na lilikuwa hatari hata kwa asiye na modemu hiyo, kwa kuwa faili lilikuja ndani ya Windows yenyewe. Halikutengenezwa, likafutwa, na vifaa vya faksi vilivyolitegemea vikafa siku hiyo. Nadhani uamuzi ulikuwa sahihi, ila aliyeubeba ni mwenye faksi peke yake.

Printa nazo zinaelekea huko. Tangu 2023 Microsoft imetangaza kuachana hatua kwa hatua na draiva za watengenezaji, ikitaka printa zinazofuata kanuni ya pamoja ya Mopria, muungano wa watengenezaji wa printa, ambazo hazihitaji draiva ya pekee. Anayenunua printa ya mtumba leo aulize hilo kabla ya kuuliza bei ya wino.