Fort Clatsop ni ya kutembelewa mvua ikinyesha

Watalii wengi huenda Fort Clatsop, ngome ya magogo karibu na Astoria jimboni Oregon, Marekani, wakati wa kiangazi. Hapo huwakuta askari wa hifadhi waliovaa ngozi wakifyatua magobore na kumimina mishumaa ya shahamu. Maonyesho hayo ni mazuri, ila jua linaificha ngome.

Msafara wa Lewis na Clark, maofisa waliotumwa na serikali ya Marekani kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki, ulikuwa na watu 33, akiwamo Sacagawea, mkalimani wa kabila la Shoshone, na mwanawe mchanga, na York aliyekuwa mtumwa wa Clark, nao ulijibanza hapo kuanzia Desemba 1805 hadi 23 Machi 1806. Katika siku 106, zisizo na mvua zilikuwa 12 tu. Ngome ina futi 50 kwa 50, mita 15 hivi kila upande: safu mbili za vyumba zinazotazamana, vitatu huku, vinne kule.

Kukiwa na manyunyu, simama kwenye chumba cha nyama. Baridi ya huko haigandishi na hewa haikaushi, kwa hiyo nyama ya elki, aina ya kulungu mkubwa, ilihitaji moto wa moshi usiozimika, na bado iliwaozea. Chumvi waliifuata ufukweni, palipo mji wa Seaside leo: masufuria matano ya maji ya bahari yakichemka usiku na mchana, kwa siku yanatoa lita tatu au nne. (Clark mwenyewe wala hakuijali.)

Kilichosalimika ni baruti. Kila ratili 4 Lewis alizifungia ndani ya kopo la madini ya risasi lenye ratili 8. Baruti ikitumika, kopo linayeyushwa na kuwa risasi za kutosha baruti hiyo hiyo. Kiswahili huyaita madini na kinachofyatuliwa kwa neno moja: risasi.

Wapo wanaonung'unika kwamba ngome si ya asili. Ni kweli. Ya kwanza iliozea msituni, na waakiolojia hawajapata mabaki yake ya uhakika. Mfano wa 1955, uliofuata mchoro wa Clark, uliungua Oktoba 2005. Wa sasa ni wa 2006. Mimi hilo halinisumbui: magogo yanayovujwa na mvua ile ile yanafundisha kuliko kipande cha gogo ndani ya kabati la kioo.

Vaa buti za mpira, za turubai zitalowa kabla hujafika getini. Wanamsafara wenyewe, kabla ya kufunga safari ya kurudi, walikuwa wameshashona jozi 338 za viatu vya ngozi.