Makombo ya bwalo la chuo: asidi laktiki au bayogesi?

Anayependekeza makombo ya chuo yapelekwe kwenye mtambo wa bayogesi siku hizi huonekana amepitwa na wakati. Wanaomcheka wana hoja. Makombo yamejaa wanga. Ukiyasaga, ukayatia kimeng'enya cha kuvunja wanga kwenye nyuzi 55 hadi 60, kisha bakteria wa asidi laktiki, kilo moja ya glukosi yaweza, kwa hesabu ya kemia, kutoa kilo nzima ya asidi. Kilo hiyohiyo kwenye bayogesi hutoa gramu 267 tu za metani. Asidi laktiki ni malighafi ya plastiki. Metani huishia kuchomwa.

Ila hesabu hiyo inakomea kwenye tangi, na gharama kubwa inaanzia hapo. Bakteria hulemewa na asidi wanayoitoa wenyewe, kwa hiyo lazima uongeze chokaa mfululizo ili pH, kipimo cha uchachu, isishuke sana chini ya 6. Matokeo yake hupati asidi, unapata kalsiamu laktati. Kuirudisha kuwa asidi unamimina asidi ya salfuriki, na kinachozama chini ni jasi. Kiasi gani? Kila gramu 180 za asidi laktiki huacha gramu 172 za jasi. Karibu tani kwa tani! Tena jasi iliyochafuka kwa mafuta na protini, ambayo mtengenezaji wa bodi za dari hataigusa. Taka imetoka jikoni ikahamia uani. Elektrodayalisisi, yaani kutenganisha asidi kwa umeme kupitia utando, huikwepa jasi, lakini mafuta na protini hizohizo huziba utando wake.

Kisha kuna usafi wa aina nyingine. Asidi laktiki ina maumbo mawili, L na D, na plastiki imara hutaka umbo moja karibu tupu. Makombo huja na bakteria wao, wanaochanganya yote mawili. Ndoo ikilala usiku mzima, mchanganyiko umeshaanza. Bakteria Bacillus coagulans, anayetengeneza L, kwenye nyuzi 50 hadi 55 huwazidi nguvu wengi wao, ila hafuti D iliyokwishatengenezwa.

Metani hujitenga yenyewe: hutoka majini kama viputo, ikabaki kuondoa salfidi ya hidrojeni. Hili halitajwi vya kutosha. Bayogesi hula pia mafuta na protini, ingawa ukiilisha haraka huchachuka na protini nyingi huijaza amonia. Wakati wa likizo unapunguza ulishaji. Chuo kinapofunguliwa unaupandisha polepole.

Mradi wa asidi unaoniingia akilini ni ule usiotafuta usafi: makombo yachachushwe kuwa mchanganyiko wa asidi nyepesi, ukichujwa utumike kwenye mtambo wa majitaka kulisha bakteria wanaoondoa nitrati, badala ya kuwalisha methanoli. Jasi hakuna. Lakini mtambo uwe jirani, maana sehemu kubwa ya mzigo huo ni maji.