Wakala wa akili unde kwenye kalenda ya mazoezi: aongeze, asifute

Kocha anayekataa wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi kwa niaba ya mtu, aguse maelezo ya wakimbiaji wake kwenye kalenda ya mazoezi huonekana, katika Nairobi ya leo, kama mtu aliyeachwa nyuma na wakati. Naona anaeleweka vibaya. Hakatai mashine isome kalenda, wala hakatai imsaidie kupanga upya mazoezi ya wiki mvua ikiharibu ratiba. Anachokataa ni mashine kubadilisha maneno ambayo mkimbiaji mwenyewe aliandika kuhusu mwili wake.

Upande wa pili una hoja, tena za maana. Tangu kampuni ya Anthropic itoe MCP, utaratibu wa pamoja wa kuunganisha akili unde na programu nyingine, mnamo Novemba 2024, kuunganisha modeli ya lugha (akili unde inayosoma na kuandika maneno) na programu hizo kumekuwa rahisi kwa yeyote anayejua kuandika programu. Intervals.icu, tovuti yenye kalenda ya mazoezi, kwa mfano, inaruhusu programu za nje kuongeza, kubadilisha na kufuta yaliyomo kwenye kalenda, maelezo yakiwemo. Mkimbiaji anayetoka mazoezini msitu wa Karura asubuhi na kukimbilia kazini Upper Hill hana nafasi ya kukaa na kalenda. Akisema maneno mawili kwenye simu akiwa ndani ya matatu, na wakala akayaandika mahali pake, kocha amepata habari ambayo pengine isingemfikia kamwe. Kwa kocha ambaye ripoti za wakimbiaji wake zimetapakaa kwenye WhatsApp, sauti huku na picha kule, huo ni msaada mkubwa.

Lakini kuongeza si kuhariri. Saa ya mkononi inapima mapigo ya moyo, kasi, umbali na mwinuko. Haijui kwamba mtoto alilia usiku kucha, wala kwamba muundi unauma. Hayo yamo kwenye maelezo tu.

Chukua huo muundi, ambao wanaokimbia kwenye lami wanaujua vizuri. Mfupa unaoanza kuzidiwa haupigi kelele. Mwanzoni mkimbiaji huandika, "Muundi wa kulia umeuma kidogo nilipomaliza." Siku chache baadaye, "Umeanza kuuma kilomita ya sita." Kisha, "Umeuma tangu mwanzo, hata nikipanda ngazi." Kila sentensi peke yake ni jambo dogo. Zikisomwa kwa mfuatano, kocha mzoefu anaona mfupa unaoelekea kupata ufa, na anajua kwamba mapumziko ya sasa yanaweza kumwepusha mkimbiaji na miezi ya kukaa nje. Sasa mwambie wakala asafishe maelezo ya mwezi huo. Atakuandikia kwa lugha safi: "Maumivu madogo ya muundi mwezi mzima." Hakuna uongo hapo. Kilichopotea ni kwamba maumivu yalikuwa yakija mapema zaidi kila mara, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Kocha atakayesoma muhtasari huo Jumapili jioni atapanga mbio ndefu ya kilomita 30 bila wasiwasi wowote, na hakuna atakayeweza kumlaumu.

Wala hasara hiyo haihitaji amri ya kusafisha. Kwa kawaida kila andiko la maelezo huhifadhiwa kama kitu kimoja. Ukituma jipya mahali pake, la zamani linaondoka. Wakala asiyesoma kwanza, aliyeombwa tu aandike kwamba mkimbiaji amelala vizuri, anaweza kuifuta sentensi ya muundi bila kujua kwamba ilikuwepo. MCP inamruhusu mtengenezaji kuitia zana, yaani kitendo ambacho wakala anaweza kukitumia, alama kwamba inaweza kuharibu data, lakini alama hiyo ni dokezo tu. Yenyewe haizuii chochote. Kuomba ruhusa kabla ya kila badiliko nako kunasaidia kwa muda, kwa kuwa mtu anayeombwa ruhusa kila mara huacha kusoma na kubonyeza ndiyo.

Watetezi wa zana hizi hukumbusha kwamba maelezo ni ya mkimbiaji, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa haki ya kutaka data yake isahihishwe au ifutwe. Kweli kabisa. Sheria hiyohiyo inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na sentensi kuhusu mfupa unaouma ni habari ya afya. Mkimbiaji akitaka kuifuta, aifute mwenyewe, akijua anachokifuta. Haki hiyo haihamii kwa programu iliyoambiwa tu ipange kalenda vizuri.

Kwa hiyo niko upande wa kocha, ila simfuati anapotaka wakala asiandike kabisa. Hapo anamnyima sauti mkimbiaji wa kwenye matatu. Zana isome kwanza, iongeze chini ya yaliyopo, ionyeshe tarehe na kama aliyeandika ni mtu au wakala. Uwezo wa kufuta usiwemo kabisa. Watengenezaji watasema kalenda itajaa. Itajaa, ndiyo, lakini hilo ni suala la namna ya kuionyesha kwenye simu, na dawa yake iko hapo: muhtasari wa wakala ukae juu, na maneno ya mkimbiaji yabaki chini yake kama alivyoyaandika, hata kama ni Sheng iliyorukwa herufi.