Mizani Imetimia, Mifuko Imepungua

Jamani, kama una ndugu yako anataka ushairi, mwambie kwanza atafute kazi ya kumlisha. Halafu mwambie akiwa kazini asitunge. Mimi hilo la pili hakuna aliyeniambia.

Niko stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Napokea mzigo, nahesabu, naandika kwenye leja. Sasa mtunzi wa mashairi kutwa nzima yuko kwenye hesabu zake nyingine: mizani nane, yaani silabi nane, pumua, mizani nane. Vidole havitulii. Kwenye daladala aliyekaa pembeni yangu hudhani navuta uradi, anasogea kando kwa heshima nikae vizuri. Sijawahi kumsahihisha mtu.

Juzi Jumanne lori la saruji likaingia. Usiku sikulala, nilikuwa na shairi la harusi ya watu. Vijana wanashusha, mimi nahesabu, mara mshororo huo ukajileta wenyewe: "Saruji imewasili, mifuko ni themanini." Nikaupima kwa vidole. Nane kwa nane, hauchechemei! Kwa utamu ule nikaandika themanini, nikatia saini, dereva akaenda zake.

Jioni bosi akahesabu mwenyewe. Sabini na saba.

"Malenga, mitatu iko wapi?"

Nikamweleza ukweli: ukisema "mifuko sabini na saba" unazidisha mizani moja, halafu kina cha "ni" chote kinapotea. Bosi akaniangalia kwa muda mrefu. Mle dukani mizani inayotambulika ni moja tu, ile ya kupimia misumari. Mifuko mitatu imekatwa kwenye mshahara wangu, na hiyo hesabu haikukosewa hata senti.

Nyumbani nikajitetea. Nikasema hata Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa Tanga, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na vitabu akaandika, na heshima akapata. Mama watoto akaacha kusonga ugali, mwiko mkononi.

"Na huko forodhani alikuwa anapokea mizigo ambayo haipo?"

Nikaomba maji ya kunawa.

Shairi lenyewe la harusi sasa, lililonikosesha usingizi! Shangazi wa bi harusi alinijia kwa upole: "Mwanangu, kashairi tu, kadogo." Kadogo kenyewe beti kumi na mbili, na mashangazi saba ndani yake, akikosekana mmoja shughuli imeharibika. Bwana harusi naye anaitwa Abdulrahmani. Jina la mtu mmoja linakula karibu ukwapi mzima, ile nusu ya kwanza ya mshororo! Nikamkata akawa Abdu, maana inkisari, kufupisha neno ili mizani itoshe, inaruhusiwa tangu zama za mababu. Mama yake akanipigia simu saa nne usiku: "Mwanangu nimempa jina zima, wewe nani umkate?" Nikamrudisha mzima mzima, nikafukuza shangazi mmoja kupata nafasi. Huyo shangazi hanisalimii mpaka leo.

Siku ya siku, mpishi kalipwa. Wa turubai kalipwa, wa spika kalipwa, mpiga picha kalipwa na nauli juu. Mimi nikaletewa sahani ya pilau na "Mungu atakulipa, mwanangu." Simkatalii Mungu kulipa, lakini mwenye nyumba wangu hapokei kwa njia hiyo.

Basi nimeweka utaratibu. Daftari la mashairi halitoki nyumbani. Natunga saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, kabla sijaona mfuko wowote wa saruji, na nikisikia jogoo wa jirani nafunga hata kama ubeti haujatimia. Ubeti uliokatika utanisubiri; bosi hasubiri. Na anayetaka la harusi atoe kianzio, nusu ya fedha, ndipo nianze kutafuta kina cha kwanza. Tangu nitangaze hivyo wateja wamepungua sana. Usingizi lakini naupata, na mama watoto kaanza kuniita kwa jina langu tena.

Jana bosi kaniita ofisini. Moyo ukanidunda, nikajua umekosekana mfuko wa nne. Kumbe binti yake anaolewa.

"Malenga," kasema huku akinivutia kiti, kiti ambacho sijawahi kukikalia, "kashairi tu. Kadogo."

Nikamwambia hakuna shida bosi, kianzio ni mifuko mitatu ya saruji.

Bado anafikiria.