Ziwa Lisilojaa Wala Kupwa

Siku tuliyohamia Coniston, mwaka 1981, baba hakuingia hata ndani ya nyumba. Alishuka hadi ziwani, akachomeka kijiti palipoishia maji, akakaa juu ya jiwe kusubiri. Magharibi kijiti kilikuwa pale pale. Alizaliwa Unguja, akakulia ufukweni, na hakuwahi kuona maji mengi kiasi kile yasiyojaa wala kupwa. "Ziwa hili limelala," alimwambia mama aliporudi.

Coniston ni kijiji cha kaskazini-magharibi mwa Uingereza, chini ya mlima uitwao Old Man, wenye mita 803. Ziwa lake ni jembamba na refu, kilomita 8 hivi. Nikiwaambia watu nilikulia pale, wote husema jambo moja: ulibahatika, mahali pazuri vile! Ni kweli ni pazuri. Lakini uzuri ule haukutulea sisi. Tulilelewa na safu ya nyumba sita za mawe, zilizojengewa wachimbaji wa shaba zamani hizo, na kila nyumba ilikuwa na watu mwaka mzima. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, maana naona linasahauliwa.

Baba alikuwa muuguzi katika mji wa jirani. Mama alibaki na sisi watoto wanne, hajui Kiingereza cha kutosha hata kununua unga. Nyumba ya mwisho aliishi bibi mmoja mjane, nasi tukamwita Bibi wa Mwisho. Ndiye aliyemshika mama mkono akampeleka dukani, akamwonyesha kila kitu na jina lake. Mama naye akampelekea mandazi. Basi.

Ramadhani ya mwaka 1983 iliangukia Juni na Julai. Kule Juni jua huzama karibu saa nne kasoro robo usiku. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeapa kufunga siku zote. Kijiji kipo upande wa magharibi wa ziwa, kwa hiyo jua hujificha nyuma ya milima mapema, kivuli kikashuka juu ya mapaa yetu, nami nikakimbilia tende.

"Bado, mwanangu," baba alisema. "Tazama ng'ambo."

Ng'ambo ya ziwa miti ilikuwa bado inang'aa. Tukakaa ukutani mimi na baba kuuangalia ule mwanga. Uliacha maji kwanza, ukapanda miti, ukafika majabali ya juu, ukabaki utepe mwembamba kileleni. Siku ya tatu Bibi wa Mwisho akatoka kuuliza tunangojea nini. Mama akamweleza kwa maneno yake machache na ishara nyingi. Kuanzia hapo kila jioni alikuja na kiti chake, akakaa nasi, na ule utepe ulipotoweka ndiye aliyeuliza, kila siku: "Limezama?" Kisha alisubiri kwa adabu hadi sote tumekunywa maji ndipo naye akachukua tende yake.

Nikirudi kitandani bado mbingu ilikuwa na weupe. Mama aliziba madirisha kwa kanga. Jua la watu hili, alikuwa akisema, halijui kuaga.

Julai ilikuwa kazi ya kondoo. Wa kule ni Herdwick. Huzaliwa weusi, wakageuka kahawia, na kadiri wanavyozeeka wanakuwa wa kijivu. Mlima hauna uzio juu, lakini kila kundi hukaa upande wake, kwa sababu kondoo jike humfundisha mwanawe mipaka ya malisho akiwa bado ananyonya. Mfugaji wa juu ya njia yetu alituchukua watoto wote wa safu siku ya kukata sufu. Wakubwa walikata, sisi tulikunja. Unaitandaza sufu ya kondoo mmoja chini, upande wa ndani ukiangalia ardhi, unakunja mbavu mbili zije katikati, unaviringisha kuanzia mkiani, na sehemu ya shingo unaisokota iwe kamba ya kufungia bunda lote. Kufikia adhuhuri mikono ilikuwa imelowa mafuta ya sufu, laini kama umepaka siagi, na harufu yake haikutoka kwa sabuni yoyote. Tulilipwa sarafu na soda ya tangawizi. Mzee yule alinisahihisha fundo mara tatu bila kunikaripia. Hadi leo nalijua.

Kisha ziwa lenyewe. Maji ya kule, hata Agosti, yanakukata pumzi. Bibi wa Mwisho alitufundisha kuogelea akiwa amesimama gatini na koti lake. Ndiye pia aliyetusimulia habari za Donald Campbell, aliyekufa pale tarehe 4 Januari 1967 akijaribu kuvunja rekodi yake mwenyewe ya mwendo juu ya maji. Mashua yake, Bluebird, ilikuwa imepita mwendo wa kilomita 480 kwa saa muda mfupi kabla haijainuka pua, ikapinduka hewani na kuzama. Tulipokuwa tukiogelea, mtu huyo alikuwa bado chini yetu. Nililijua hilo kila nilipotia kichwa majini, na niliogelea kwa heshima, kama mtu anayepita makaburini. Mashua iliibuliwa Machi 2001, na mwezi wa Mei akapatikana yeye mwenyewe. Septemba mwaka huo akazikwa kijijini. Niliposikia nilimpigia mama simu, naye akasema innalillahi kama vile tumefiwa sisi.

Sasa niseme kinachoniuma. Mwaka jana nilirudi, Juni, na nikaingia kwenye safu yetu. Kati ya nyumba sita, nne zina kisanduku kidogo cha chuma kando ya mlango, chenye vitufe vya namba. Ndani mna ufunguo. Mgeni hutumiwa namba kwa simu, anafungua, analala siku tatu, anaondoka, na hakuna mtu wa kumpokea wala wa kumuaga. Mlango wa Bibi wa Mwisho una kisanduku hicho. Mjukuu wa mfugaji wetu anachunga kondoo wale wale, lakini analala Barrow, mji wa pwani ulio mbali na kijiji, na kupanda kila alfajiri kwa gari, kwa sababu hana uwezo wa kununua nyumba katika kijiji anachokilisha.

Sina ugomvi na wageni. Sisi tulikuwa wageni zaidi ya wote. Nina ugomvi na nyumba isiyokaliwa. Coniston imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Lake District, na nyumba mpya mle kwa kawaida hupewa kibali kwa sharti la kukaliwa na wakazi wa kudumu, na hilo ni jema, ila safu za zamani kama yetu hazina sharti hilo. Tangu Aprili 2025 sheria inaziruhusu halmashauri kutoza nyumba za pili, yaani za watu wanaoishi kwingine, kodi maradufu. Vizuri pia. Lakini nyumba ikipangishwa kwa watalii siku 70 kwa mwaka, na ikawa inapatikana kwa siku 140, inahesabiwa kuwa biashara, inatoka kwenye kodi ya nyumba, na biashara ndogo mara nyingi hailipi kitu. Mlango huo uzibwe. Na nyumba za zamani zinapouzwa, sharti la ukazi lizifuate nazo. Watakaopinga watasema bei zitashuka. Zishuke! Kijana yule analala Barrow.

Binamu zangu wa Jambiani, kule Unguja, wananiambia habari zinazofanana na hizi kuhusu viwanja vya ufukweni, nami huwauliza swali moja tu: usiku taa zinawaka ngapi?

Nyumba yetu ya zamani inauzwa tena. Nimesoma tangazo. Linataja mandhari ya ziwa, jiko la kuni, maegesho ya gari moja, na linasema inafaa kwa mapumziko au uwekezaji. Kuna picha ya chumba cha juu tulicholala watoto wanne, sasa kina kitanda kimoja kipana na mito minane. Picha nyingine imepigwa kutoka nje, jioni, na ukuta tuliokuwa tukikaa umeonekana wote. Ng'ambo, juu ya kilele, ule utepe wa mwanga bado upo.