Mhuri wa Chuma Hautambuliki

Bahasha yangu ya maombi ya kazi ya ualimu wa ufundi ina viambatisho 16, na hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba ninajua kuchomelea chuma. Kuna vyeti vya shule, kuna cheti cha kuzaliwa, kuna nakala za vyeti hivyo hivyo zilizogongwa mhuri wa wakili, na kuna hati ya kiapo inayoeleza kwamba mtu ambaye jina lake limezidi herufi moja kwenye cheti kimoja ndiye yule yule ambaye herufi hiyo imempungukia kwenye cheti kingine. Kuna barua za wadhamini watatu na picha mbili ambazo ndani yake nimevaa tai ya kuazima, nikiwa nimekodoa macho kama mtu anayesubiri kusomewa mashtaka. Miaka 19 ya kushika elektrodi, yaani kile kijiti cha kuchomelea, haimo, kwa kuwa miaka haina pa kugongwa mhuri.

Niliwahi kujaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Nilikata vipande viwili vya bamba la milimita 6, nikavisimamisha kwa umbo la herufi T, nikapitisha mshono upande mmoja tu na kuuacha wa pili wazi, ili yeyote mwenye shaka akipige nyundo mpaka kikunjike na aone mwenyewe jinsi chuma kilivyoshikana hadi kwenye kona ya ndani. Nikaliondoa gamba lote kwa nyundo na brashi ya waya mpaka mawimbi ya mshono yakaonekana yamelaliana kama vigae vya paa. Nikakitia kwenye bahasha pamoja na barua. Mlinzi wa getini aliipima bahasha kwa mkono, akanitazama, kisha akaniuliza kwa upole kama nina ugomvi na mtu yeyote ndani. Nilipofika masjala, karani alikigeuzageuza kile chuma, akatazama chini, akatazama pembeni, akanirudishia.

"Baba, hiki hakina mhuri."

Nilirudi karakana, nikachukua chapa za herufi, nikagonga jina langu na tarehe juu ya bamba, herufi kwa herufi, kwa nyundo ya ratili mbili. Kesho yake karani alipitisha kidole juu ya herufi zile, akakiri kwamba zimeingia ndani vizuri, kisha akaniarifu kwamba mhuri unaotambuliwa ni wa wino.

Mtu asifikiri kwamba nilikuja katika safari hii bila maandalizi. Mara ya kwanza nilipoomba niliambiwa kwamba mimi ni fundi mzuri ila sina mafunzo ya ualimu, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikaenda kusoma. Niliporudi na cheti cha ualimu wa ufundi niliambiwa kwamba sasa nimekaa mbali na kazi ya viwandani kwa muda mrefu mno, yaani ule muda niliokuwa darasani kwa agizo lao. Mara ya tatu walitaka uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka 3. Hapo sikuuliza kitu. Nilichukua bahasha yangu nikaondoka.

Hayo mafunzo ya ualimu, nikiri, yalikuwa na mambo yake matamu. Tulifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na tulikatazwa kabisa kuandika kwamba mwisho wa kipindi mwanafunzi "ataelewa", kwa sababu kuelewa hakupimiki. Sharti uandike kitu ambacho jicho linaweza kukiona. Katazo hilo nililipenda, maana kwenye karakana hakuna mtu anayeelewa mshono: mshono unashika au unabanduka. Lakini nilipata kichefuchefu cha kitaaluma nilipofikia ule mpangilio maarufu wa malengo ya elimu. Benjamin Bloom na wenzake wa Marekani walitangaza mwaka 1956 ngazi za maarifa ya kichwani, na mwaka 1964 zikatoka ngazi za mambo ya moyoni, yaani hisia na mwelekeo wa mtu. Walikuwa wametaja pia eneo la tatu, la mikono, na hilo hawakulipangia ngazi. Watu wengine walikuja kulishughulikia baadaye, kila mmoja kwa ngazi zake. Mimi nililala usiku ule nikiwaza kwamba wataalamu walikaa, wakamaliza kichwa, wakamaliza moyo, na walipofika kwenye mikono wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Tangu siku hiyo kila ofisi ninayoingia naona inafuata utaratibu huo huo.

Baadaye maombi yakahamia mtandaoni, nikafurahi, nikidhani kompyuta haina upendeleo. Kompyuta kweli haina upendeleo, bali ina nyota nyekundu. Kila kisanduku chenye nyota nyekundu ni lazima kijazwe, na kimojawapo kilikuwa "Jina la chuo kikuu ulichosoma". Tangazo la kazi halikutaka shahada. Nilikiacha wazi, mfumo ukagoma. Niliweka kistari, mfumo ukagoma. Hatimaye niliandika "Sikusoma", na mfumo ukanipongeza kwa kukamilisha hatua ya tatu kati ya saba. Nilikuwa nimeshaanza kuiheshimu teknolojia ya habari, mpaka baada ya wiki tano nilipopokea barua pepe ya heshima kabisa iliyosikitika kunifahamisha kwamba maombi yangu hayakufanikiwa, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Sikusoma hakimo katika orodha ya vyuo vinavyotambuliwa.

Safari moja tu nimefika mbele ya jopo la usaili. Walikuwa wanne nyuma ya meza ndefu. Nilikuwa nimekwenda na kofia ya kuchomelea na glavu za ngozi ndani ya mfuko, nikitumaini kwamba mwalimu wa uchomeleaji atapimwa kwa kuchomelea. Nikaelezwa kwamba karakana imefungwa na mwenye ufunguo yuko safarini, hivyo nifundishe somo la dakika 15 kwa kutumia ubao na chaki, na vifaa nivichukulie kwamba vipo.

Nilivichukulia hivyo. Nilishika chaki kama elektrodi, nikaiinamisha kidogo kuelekea upande ninaokwenda, nikawaeleza kwamba ncha isiwe mbali na chuma zaidi ya unene wa waya wa ndani wa elektrodi yenyewe, maana ukiivuta mbali moto unatawanyika na matone yanaruka, na ukiikaribisha mno inanata. Niliwasomea namba zilizochapwa kwenye elektrodi ya E6013: ile 60 ni nguvu ya kuhimili mvuto, yaani paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba; ile 1 ni ruhusa ya kuchomelea katika mikao yote, hata juu ya kichwa; na ile 3, ikisomwa pamoja na ile 1, inataja aina ya gamba lililoifunika na umeme unaoifaa. Mjumbe wa pili kutoka kushoto aliandika kwa makini, akainua kichwa, akaniuliza mtaala huo wa 6013 ulianza kutumika mwaka gani.

Nilijikaza. Niliendelea na usalama, nikaeleza kwamba mwanga wa ule moto una miale inayounguza jicho bila jicho kujua, na kwamba maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, kama mtu aliyemwagiwa mchanga chini ya kope. Waliposikia hivyo wajumbe wawili waliiondolea macho chaki yangu. Hiyo ndiyo sehemu ya usaili ambayo hadi leo naihesabu kuwa ushindi.

Kilichoniharibia ni kiti cha mwenyekiti. Kilikuwa kiti cha mabomba ya chuma, na kutoka pale ubaoni niliuona mshono wa mguu wake wa nyuma wa kushoto: umejaa vitundu kama sifongo, na pembeni yake kuna mfereji ulioliwa na moto hadi bomba limebaki jembamba. Kila mwenyekiti alipoegemea, mguu ule ulisogea kiasi cha unene wa kucha. Nilijaribu kumtazama usoni, nikashindwa. Aliniuliza tofauti kati ya elimu na mafunzo, nami nikajibu, "Mheshimiwa, nakuomba usiegemee." Alirudia swali. Nilitaja Ujerumani, ambako kijana anayesomea ufundi hutumia sehemu kubwa ya wiki mahali pa kazi na siku chache shuleni, kwa utaratibu ambao sheria ya mwaka 1969 iliupanga, nikaongeza kwamba hata huko fundi hapewi kijana wa kumfundisha kabla hajathibitisha kwamba anaweza. Mjumbe wa tatu alitaka kujua kama nimewahi kufika Ujerumani. Nilisema sijafika, ila huo mguu wa kiti ninauona kutoka hapa.

Waliandika kwamba natoka nje ya mada. Kiti hakikuvunjika siku ile, na bado hilo linaniuma kuliko barua ya kukataliwa iliyofuata.

Miezi minne baadaye, vijana watatu walikuja karakana kwangu na barua. Barua ilitoka chuo kile kile, sahihi ni ya mwenyekiti yule yule, na iliniomba, kwa moyo wangu wa kizalendo, niwapokee wanachuo hao kwa mafunzo ya vitendo ya wiki 8 bila malipo. Niliwapokea. Siku ya kwanza mmoja wao alibana klampu ya waya wa kurudisha umeme kwenye mguu wa meza ya mbao, akashusha kofia usoni, akagusa chuma mara tatu, kisha akaniambia kwa adabu kwamba mashine yangu ni mbovu. Nilimshika kiwiko, nikaihamisha klampu, nikamwambia asikilize kabla ya kutazama, kwa sababu moto uliokaa sawa una sauti ya mafuta yanayokaangiwa. Wiki ya sita kijana huyo alikuwa anapandisha mshono wima kutoka chini kwenda juu, bamba kwa bamba, bila tone kudondoka, na alikuwa ameanza kuwakaripia wenzake kwa maneno yangu.

Mwalimu wao alikuja kuwakagua wiki ya saba. Ni kijana mstaarabu, mwenye shahada, ndiye aliyepata nafasi niliyoiomba. Tulisalimiana vizuri, akazunguka, akapiga picha, na wanafunzi walipokwenda kunawa mikono akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo tena, fundi. Hivi kwa elektrodi ya milimita 2.5 wewe huwa unaweka ampea ngapi?"

Nilimwambia aanzie 70, aongeze taratibu kwa kadiri ya unene wa chuma, asikilize sauti. Aliandika kiganjani. Kisha akanipa fomu za tathmini nizijaze, moja kwa kila mwanachuo, kurasa nne, mahali pa sahihi yangu pameandikwa "Mkufunzi". Chini yake palikuwa na kisanduku cha sifa za kitaaluma za mkufunzi, na kando ya kisanduku, kwa herufi ndogo, pameandikwa kwamba si lazima kukijaza.

Nilizijaza zote, nikagonga mhuri wa wino wa karakana, na kabla ya kumrudishia niliomba dakika tano nikatoe nakala ya ukurasa ule. Wakili ameshaithibitisha. Ni kiambatisho cha 17.